Siku sita, mawe matatu: daftari la safari ya Kiboriani

Jumatatu

Kosta ilitoka Dodoma saa mbili na nusu asubuhi. Mimi na binti wa kaka yangu tulikaa kiti cha nyuma, mizigo mapajani: beseni jeupe la plastiki, ndoo iliyokatwa kitako na kubandikwa kioo, brashi mbili za meno, chujio la chai, lenzi ya mkono, tochi, kichupa cha rangi nyekundu ya kucha na daftari lenye jalada gumu. Mama aliyekaa pembeni yetu aliitazama ile ndoo kwa muda, kisha akauliza kama sisi ni watu wa afya. Nikamwambia hapana, mimi ni mwalimu wa baiolojia, tunakwenda Mpwapwa kuwatazama wadudu wa mtoni wakigombania chakula. Akafikiri kidogo. "Kumbe na wao wanagombana," akasema, akaendelea kumnyonyesha mwanawe.

Nimefundisha ushindani wa viumbe kwa miaka mingi, na kila mwaka nimeufundisha kwa simba na fisi. Wanafunzi huandika, hufaulu, husahau. Wengi wao hawajamwona simba ila kwenye noti ya shilingi 2,000. Lakini hakuna mtoto wa Dodoma asiyewahi kuvuka korongo. Nilitaka mfano ambao mtoto anaweza kuuinua kwa mikono miwili.

Tulikata kona Mbande, tukapita Kongwa, kwenye ardhi ambayo mwaka 1947 Waingereza walianza kuifyeka kwa matrekta wapande karanga, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Mvua ilikuwa haba na udongo ule ukikauka hushika kama saruji. Baada ya hapo milima ikaanza kusogea. Mpwapwa iko miguuni pa Kiboriani, na mlima ndio unaoipa maji. Misafara ya karne ya 19 ilipotoka pwani ilipumzika hapa kwa sababu hiyo hiyo, kwani mbele yake, kuelekea Ugogo, kulikuwa na nyika ya Marenga Mkali, mwendo mrefu bila maji ya kunyweka. Wagogo maji huyaita malenga. Jina lenyewe lilikuwa onyo kwa wapagazi.

Tulipokewa na babu mmoja aliyekuwa jirani wa wazazi wangu zamani. "Mbukwenyi!" alituita tukiwa bado mbali. Ana bustani ya mboga kando ya kijito, na mfereji wake ni wa tangu enzi za baba yake. Nilipomweleza shida yetu alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, mabuu ni mabuu. Lakini njia ya kwenda huko nitawaonyesha."

Jumanne

Tulipanda alfajiri, mwendo wa saa moja na nusu. Ni Juni, upepo wa kipupwe unakata masikio, na maji yalikuwa baridi kiasi kwamba vidole viliuma. Kijito kina upana wa hatua tatu tu. Lakini ndani ya hatua hizo mna dunia mbili: mahali maji yanapokimbia juu ya mawe na kutoa povu, na mahali yanapotulia na kufanya kidimbwi chenye majani makavu chini. Chakula ni tofauti, hewa iliyoyeyuka majini ni tofauti, na wakazi ni tofauti.

Niliinua jiwe la kwanza kutoka kwenye mkondo wa kasi, jiwe la ukubwa wa sahani, nikaliweka kwenye beseni. Binti akainama na lenzi. Kwa nusu dakika hakusema kitu.

Kitu cha kwanza kuonekana ni wale tuliowaita mikia mitatu. Ni tunutu wa yule mdudu ambaye akishaota mabawa haishi zaidi ya saa chache au siku chache, na hali chochote, kwa sababu mdomo wake wa utu uzima haufanyi kazi. Kwa hiyo kula kwake kote ni huku chini, sasa. Jiwe likigeuzwa hukimbia upande wa kivuli kama mjusi aliyeonekana ukutani. Pembeni mwa tumbo ana vijani vyembamba vinavyotikisika bila kupumzika. Hayo ndiyo matamvua yake ya kupumulia. Wengine ni bapa kabisa, wamegandamana na jiwe, na wengine ni wembamba, wanaogelea kwa kupiga mikia. Wote wanachunga: wanakwangua ule utelezi wa kijani na kahawia unaomwangusha mtu anayevuka mto bila kuangalia. Utelezi huo si uchafu. Ni mwani mdogo sana uliochanganyika na bakteria, na ndiyo malisho yao.

Kwenye uso wa juu, pale maji yanapopiga kwa nguvu, walisimama mabuu wa inzi weusi wadogo. Kila mmoja ni kama kichupa kilichosimamishwa, kitako kimevimba, kichwa kimeelekea chini ya mkondo. Hushika jiwe kwa namna ya ajabu: hutema hariri, huipaka juu ya jiwe kama kiraka, kisha hukishika kiraka hicho kwa vikulabu vya kwenye kitako. Kichwani wana feni mbili za nywele. Hukunjua feni, maji yakapita, zikakamata vumbi la chakula, zikafungwa, mdomo ukazisafisha, zikakunjuliwa tena. Binti aliwaita vichupa, na jina likabaki.

Kwenye mwanya wa jiwe ndipo alipokuwa mfumaji. Huyu nampenda kuliko wote, sitaficha. Ni buu la mdudu ambaye akikomaa hufanana na nondo mdogo. Amejenga kibanda cha punje za mchanga zilizoshonwa kwa hariri, na mlangoni ametandaza wavu usiozidi ukucha wa kidole kidogo, matundu yake yamelingana kama ya chandarua. Wavu unatazama mkondo. Mkondo unaleta, yeye anavuna. Kila aina ya wafumaji ina kipimo chake cha tundu, wengine matundu madogo kwa vumbi laini, wengine makubwa yanayonasa hata mdudu mzima.

Chini kabisa, upande wa giza, alijibanza tunutu wa kereng'ende. Tukamrudisha polepole.

Katika miaka ya 1970 Kenneth Cummins, mtafiti wa Marekani, aliwapanga wadudu wa mtoni kwa namna wanavyopata chakula: wanaokwangua, wanaochuja na kukusanya, wanaotafuna majani yaliyoanguka, wanaowinda. Mpango huo bado unatumika duniani kote, na uzuri wake ni kwamba mtoto anaweza kuutumia kabla ya kujua jina lolote la Kilatini.

Kisha tukaweka kazi yetu. Tulichagua mawe matatu yanayofanana, kwenye mkondo mmoja, umbali wa hatua moja moja. Jiwe la kwanza tulilitia nukta moja ya rangi ya kucha na kuliacha lilivyo. La pili nukta mbili: tuliwaondoa wadudu wote kwa brashi laini na vidole, lakini utelezi tukauacha. La tatu nukta tatu: tulilisugua kwa brashi ngumu hadi likalia likipitishwa kidole. Wadudu walioondolewa tuliwaachia mbali, chini ya mkondo. Kila jiwe likarudi mahali pake, uso ule ule juu.

Babu alitusubiri kwenye mwamba akivuta ugoro. "Yaani mmepanda mlima kuosha jiwe," alisema. Binti akamjibu, "Ndiyo babu, tuone nani atahamia."

Jumatano

Asubuhi ndoo ya kioo ilitupa majibu bila kugusa kitu. Unaizamisha kidogo, mng'aro wa juu unapotea, na chini kunaonekana kama dukani.

Jiwe la nukta mbili lilikuwa limejaa mikia mitatu. Usiku mmoja tu! La nukta tatu halikuwa na hata mmoja anayechunga, lakini kwenye uso wake wa mbele vichupa wadogo tisa walikuwa wamesimama tayari, feni wazi. Binti alidhani tumechanganya mawe. Tukahesabu nukta upya. Hatukuchanganya.

Nilimwambia afikirie kama mfugaji, kisha afikirie kama mvuvi. Mwenye kuchunga anatafuta majani. Akitua kwenye jiwe lililosuguliwa anapapasa, hakuna kitu, anajiachia na maji, anajaribu la mbele. Kichupa hali jiwe. Chakula chake kinapita na maji, na anachotaka kwa jiwe ni pa kushika. Kiraka chake cha hariri hushika vizuri zaidi mahali safi kuliko kwenye utelezi. Kwa hiyo lile tulilolidhani jangwa, kwake ni kiwanja kizuri ambacho bado hakijapata mwenyewe.

Tulikaa pale hadi mchana. Kwenye jiwe la nukta moja ndipo tulipoona ugomvi.

Mfumaji mgeni alitambaa kutoka juu ya jiwe, pengine kibanda chake kilikuwa kimevunjika. Alifika kwenye mlango wa mwenzake, akaingiza kichwa. Mwenye nyumba akatoa kichwa chake, wakakabiliana uso kwa uso, wote wawili wakitetemeka. Mfumaji ana mistari myembamba chini ya kichwa, kama tupa, na mguu wa mbele huusugua kwenye mistari hiyo kutoa mkwaruzo. Masikio yetu juu ya maji hayasikii kitu. Watafiti waliowanasa sauti majini waliusikia, wakagundua kwamba mwenye nyumba akikwaruza ana nafasi kubwa zaidi ya kubaki na nyumba yake. Huyu wetu alibaki. Mgeni alirudi nyuma, akajaribu tena, akaumwa, akajiachia kwenye maji. Yote hayo dakika nne.

Kwa nini apiganie kibanda cha mchanga wakati mto una mchanga wote huu? Kwa sababu ya mahali. Mkondo ukiwa hafifu wavu hautapata kitu, ukiwa mkali mno utauchana. Sehemu zenye kasi inayofaa, zenye mwanya wa kushikiza uzi, ni chache kwa kila jiwe. Na hariri ni protini, haitoki bure. Anayenyang'anya nyumba iliyokwisha kujengwa ameokoa siku nzima ya kula.

Hata vichupa wanagombana, kwa kimo chao. Wakisongamana, aliye nyuma anapata maji yaliyokwisha kuchujwa na wa mbele. Nilimwona mmoja akijikunja na kumng'ata jirani kiunoni, mara mbili tatu, mpaka jirani akasogea nusu upana wa mchele.

Mikia mitatu hawang'atani. Ugomvi wao ni wa kimyakimya: anayekula kwanza amemnyima wa nyuma, na hawajawahi hata kukutana. Huu ndio ninaoupata taabu kuufundisha darasani, maana hakuna cha kuchora. Lakini jiwe la nukta mbili, kufika saa saba mchana, lilikuwa na vijia vyeupe kwenye utelezi, kama shamba lililolimwa kwa jembe la kucha. Binti alivichora vyote.

Babu alikuja na viazi vya kuchemsha. Nilipomtajia inzi weusi alishtuka, akauliza kama ndio wale wa usubi wanaopofusha watu. Swali lake lilikuwa la haki. Nikamweleza kwamba ni ukoo huo huo, lakini ukoo una aina nyingi, na nyingi haziambukizi. Upofu huletwa na minyoo ambao inzi jike huwachukua kwa mtu mmoja na kuwapeleka kwa mwingine anapouma. Kwetu Tanzania maeneo yanayojulikana kwa ugonjwa huo ni kama Mahenge na Usambara. Nikamsimulia pia jambo lililochapishwa mwaka 1950 na watafiti waliofanya kazi Kenya: walikuwa wamewatafuta mabuu wa aina moja ya inzi hao kwenye kila jiwe na kila jani wasiwapate, mpaka walipowaona wamejishika mgongoni mwa kaa wa mtoni. Kumbe jiwe lao linatembea. Babu alicheka sana, na jioni nilimwona akigeuza kaa mmoja kwa kijiti, akimkagua mgongo. Hakuwa na kitu.

Usiku tulirudi mtoni, babu akiwa mbele na panga. Tochi tuliifunga kwa kitambaa chekundu, kwa sababu wadudu hawa hawaioni sana nyekundu. Nilishika chujio la chai kwenye mkondo kwa dakika tano. Saa kumi jioni, kwa muda huo huo, nilikuwa nimepata mikia mitatu mmoja. Sasa walikuwa kumi na saba, na wote hai, wakirukaruka kwenye waya.

Usiku ndio wakati wao wa kuhama. Mchana samaki wanaona, na samaki anawinda kwa macho. Kwa hiyo wachungaji hawa hukaa chini ya jiwe mchana, hupanda juu giza likiingia, hula, na malisho yakiisha hujiachia na maji. Huko Colorado, Marekani, imeonekana kwamba harufu tu ya samaki majini inatosha kuwafanya wajifiche mchana, hata kama samaki mwenyewe hayupo. Wanachagua kupungukiwa chakula ili wasiwe chakula. Binti alisimama magotini ndani ya maji baridi, tochi nyekundu mkononi, akasema, "Shangazi, kwa hiyo mto unahama kila usiku." Niliiandika sentensi hiyo kama alivyoisema.

Alhamisi

Tulipofika, sauti ya maji ilikuwa imepungua. Nilijua kabla ya kuona.

Maji yaliyokuwa yakifika magotini sasa yalifika kwenye kifundo cha mguu. Kumbe ilikuwa zamu ya watu wa bustani za juu, na mfereji wao ulikuwa umefunguliwa tangu alfajiri. Mgongo wa jiwe la nukta moja ulikuwa nje, umeanza kukauka, utelezi wake umepauka kwenye kingo. Nyavu za wafumaji zilikuwa zimelala, zimejaa tope laini kama shuka lililoanguka matopeni. Wavu wa mfumaji husimama kwa sababu maji yanausukuma. Maji yakikosa nguvu, hauna nguzo nyingine. Wenyewe walikuwa vibandani, vichwa ndani.

Vichupa wa nukta tatu walibaki watatu. Mmoja alikuwa ananing'inia kwa uzi wake wa hariri, umbali wa kidole kutoka jiweni, akiyumba. Uzi huo ni kamba yake ya uokovu, huitumia adui akija au mahali pakiharibika, na akiona vema huupanda na kurudi. Huyu hakurudi. Tulimtazama hadi akaukata.

Mikia mitatu wengi walikuwa wameshukia kwenye kidimbwi, na huko kulikuwa na mwenyeji. Tunutu wa kereng'ende alikuwa amejilaza kwenye majani yaliyooza, rangi moja nayo. Mdomo wake wa chini umekunjwa chini ya kidevu kama mkono uliokunjwa kifuani. Mikia mitatu mmoja alipita mbele yake. Sikuona mdomo ukitoka. Niliona tu kwamba alikuwepo, kisha alikuwa anatafunwa. Binti alitaka kurudia kuona, akakaa pale karibu saa nzima, na alipoona mara ya pili alipiga kelele hadi mbuzi wa ng'ambo wakainua vichwa.

Sikuwa na utulivu siku hiyo. Nilimuuliza babu kama zamani pia kijito kilishuka hivi siku za zamu. Alifikiri, akasema hapana. Zamani banio lilikuwa la mawe na matawi, na lilivuja. Mtu akifungua mfereji, nusu ya maji yalipata mfereji na nusu yalipenya na kuendelea na safari yake. Siku hizi wanapanga viroba vya mchanga na kuziba kwa nailoni. Halivuji hata tone. "Tulidhani tunapoteza maji," alisema.

Nilimwambia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, na nafasi ya pili inawapa mto wenyewe na viumbe wake, kabla ya umwagiliaji na mengine. Sikumwambia kama mtu wa serikali. Bustani hizi ndizo zinazosomesha watoto, na ukanda wa mita 60 unaotakiwa na sheria ya mazingira uachwe kando ya mito, hapa ungemeza mashamba mazima ambayo watu walirithi. Lakini kiroba si urithi. Babu alinyamaza muda mrefu, akaniambia wenye zamu ya leo ni watoto wa mdogo wake.

Jioni, kando ya jiko, nilimsimulia binti habari ninayoiona kuwa ushahidi mzuri kuliko wote wa ugomvi wa kimyakimya. Katika vijito vya Michigan kulikuwa na buu mmoja mchungaji, anayejijengea nyumba ya vijiwe na kutembea nayo kama kobe. Alikuwa mwingi sana na alikwangua mawe mpaka yakawa meupe. Kisha vimelea vidogo visivyoonekana kwa macho vikamshambulia, akapungua karibu kuisha, kijito kimoja baada ya kingine. Watafiti wawili, Steven Kohler na Michael Wiley, walikuwa wakihesabu kabla na baada, wakachapisha mwaka 1997. Alipoanguka, mwani uliongezeka, na wachungaji wa aina nyingine wakaongezeka pia, hata wengine waliokuwa adimu. Miaka yote alikuwa amewabana wenzake bila kumgusa hata mmoja.

"Kwa hiyo usipoona ugomvi haimaanishi haupo," alisema binti. Nilimwongezea mlenda.

Ijumaa

Tulishuka Gulwe kwa bodaboda. Nilitaka aone maji yetu yanapokwenda. Vijito vya upande huu huishia kwenye Kinyasungwe, Kinyasungwe huingia Mkondoa, Mkondoa huingia Wami, na Wami humwaga baharini upande wa Saadani. Kijito cha hatua tatu kina safari ndefu.

Kinyasungwe wenyewe wakati huu ni barabara ya mchanga. Masika hufurika kiasi cha kung'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe, jambo lililorudiwa kwa miaka mingi, na kiangazi kina mama huchimba visima mchangani kwa vibuyu na sahani. Mchanga huo ni mlima ulioshuka. Tulitafuta jiwe la kugeuza, hatukupata. Kwenye dimbwi moja lililobaki tulichota tope kwenye beseni, tukapata mabuu mekundu kama uzi wa damu. Wekundu huo ni himoglobini, aina ile ile ya kemikali iliyo kwenye damu yetu, na inawasaidia kuishi mahali pasipo na hewa ya kutosha. Walikuwa wengi sana, wa namna moja. Hapakuwa na mfumaji, wala kichupa, wala mikia mitatu bapa. Wapimaji wa mito hutumia orodha kama hiyo kujua hali ya maji. Tanzania ina mfumo wake, unaitwa TARISS, ambao kila familia ya wadudu imepewa alama kwa kadiri inavyovumilia uchafu na uharibifu.

Mchanga hauna uso wa kushika hariri. Ukifunika mawe, mashindano yote niliyoyaandika tangu Jumanne hayana uwanja. Tulirudi kabla ya jua kuzama, tukiwa kimya.

Jumamosi

Babu alikuwa ameamka kabla yetu, na alipanda mbele bila kuongea. Tulipokaribia nilisikia maji.

Banioni, kiroba kimoja kilikuwa kimetolewa chini na nafasi yake imejazwa mawe. Mfereji ulikuwa bado una maji, na mto pia ulikuwa nayo. Babu alisema alikaa na wale vijana jana jioni, wakabishana, wakakubaliana wajaribu hadi mwisho wa mwezi. Hakusema zaidi.

Jiwe la nukta moja: vibanda vinne kati ya sita vina nyavu mpya, nyeupe, bado hazijashika vumbi. Utelezi wa juu umekufa kwenye kipande cha ukubwa wa kiganja na hakuna anayechunga hapo. Jiwe la nukta mbili: vijia vimeungana, karibu lote limekwanguliwa, na wachungaji wamepungua kuliko Jumatano. Wamekula wakaondoka, kama nilivyotarajia, ila nilifurahi kama mtu asiyetarajia.

Jiwe la nukta tatu lina vichupa kumi na wanne. Na kwenye ukingo wake wa kushoto, pale jiwe linapogusana na lingine, kuna punje tano za mchanga zilizosimama kwa mstari ambazo Alhamisi hazikuwepo. Nyuma yake kichwa cha kahawia kinakwenda kulia na kushoto, kulia na kushoto, kikitema uzi. Mfumaji amefika. Katika mito ya California imeonekana kwamba gharika ikisafisha mawe vichupa hutangulia, na wafumaji hufuata polepole na kuwasukuma, mpaka gharika nyingine. Nilikuwa nimeisoma. Sikuwa nimewahi kuiona ikianza.

Kichupa aliyekuwa karibu zaidi alikuwa amekunja mwili upande wa pili, mbali na kile kichwa.

Binti alimshika babu mkono. "Babu, njoo uone, tafadhali. Dakika moja tu." Alipiga magoti kwenye changarawe, akaweka fimbo pembeni, akaegemeza paji la uso kwenye ukingo wa ndoo. Tulisubiri. Niliufunga mzigo, nikaukausha wavu wa chujio, nikatazama saa: kosta ya mchana ilikuwa ikiondoka Mpwapwa baada ya saa mbili.

"Huyu anajenga," babu alisema ndani ya ndoo, sauti yake ikivuma. "Na yule wa ndevu amesogea."

Kisha akanyamaza tena. Kosta ya mchana tuliiacha iondoke.